Kuku wa Kampuni na Chapati ya Dzaleka

Saa za mchana zinapotimia mjini Lilongwe, ambao umekuwa makao makuu ya Malawi tangu mwaka 1975 serikali ilipohama kutoka Zomba, mtu mwenye njaa na fedha kidogo mfukoni hukuta njia mbili za kujishibisha bila kurudi nyumbani. Njia ya kwanza ina kioo mbele, taa nyingi, picha kubwa ya chakula ukutani na vijana waliovaa sare, na juu ya mlango pana jina ambalo mtu angeweza kulikuta vile vile Johannesburg au Nairobi. Majina ya namna hiyo, kama KFC lenye asili ya Marekani, na Steers na Debonairs yaliyotoka Afrika Kusini, yameingia mjini humo na kujipatia wateja. Njia ya pili haina kioo wala jina. Ni sinia pana la bati lililowekwa juu ya moto wa kuni au mkaa kando ya barabara, ambalo Wamalawi huliita chiwaya. Katikati yake mafuta yanachemka na viazi vinakaangwa, na pembezoni, penye joto dogo, vimesogezwa vile vilivyokwisha kuiva pamoja na vipande vya nyama. Mteja huchagua kwa kidole, hutiliwa kabichi iliyokatwakatwa na chumvi kidogo, akala amesimama.

Wengi hudhani kwamba mashindano kati ya njia hizi mbili ni ya ladha, au ya usafi, au ya bei. Mambo hayo yote yamo, na yatazungumzwa hapa. Lakini mwendo wa kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya mji huo, katika wilaya ya Dowa, wapo wapishi ambao kwao swali la kwanza si ladha wala bei. Swali lao la kwanza ni kama wataruhusiwa kufika mjini na sufuria zao.

Mahali hapo ni Dzaleka. Zamani za utawala wa Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza, na wenyeji hulieleza jina lenyewe kuwa ni neno la Kichewa la mtu anayeapa kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya watu waliokimbia vita katika nchi za Maziwa Makuu. Makazi yalikusudiwa watu 10,000 na ushei. Leo wamo zaidi ya 50,000. Walio wengi ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na wamo pia Wasomali na Waethiopia. Watu wa makabila hayo yote wakikutana sokoni, lugha inayowaunganisha aghalabu ni Kiswahili, na hiyo ndiyo lugha ambayo kwayo chakula huulizwa bei.

Na chakula chenyewe ni cha kutazamwa kwa makini, maana pale sokoni pamekutanika majiko ambayo kwao yasingekutana kamwe. Mkongo wa Kivu huleta sombe, ambayo Mtanzania huiita kisamvu, na ugali uliochanganywa unga wa muhogo. Na Mmalawi anayefika kununua, aliyezoea nsima nyeupe ya mahindi, huushangaa kwanza ugali ule kwa jinsi unavyonata, kisha huuzoea. Mrundi huchoma brosheti, yaani mishikaki, na ndizi pembeni. Msomali hukaanga sambusa. Mwethiopia humimina injera na kukaanga buni mbele ya mgeni kabla ya kuitwanga. Usipa, dagaa wa Ziwa Malawi, huingia katika sufuria ya mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, na huungwa kwa nyanya na pilipili kama walivyoungwa wale wa kwao. Juu ya vyote hivyo imetawala chapati. Chapati huliwa na maharage asubuhi, na chai saa nne, na mchuzi jioni, na mtu mwenye haraka huikunja na kuondoka nayo mkononi, jambo ambalo kwa hakika ndilo hasa maana ya chakula cha haraka.

Waganda wana ndugu yake mashuhuri, rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai na kabichi, ambayo ilikua mikononi mwa wauzaji wa kando ya barabara huko Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Tanzania ina chipsi mayai. Hakuna aliyemuuzia mwenzake haki ya kutumia jina la chipsi mayai. Kila mwenye kikaango na kabati la kioo ni mwenye kampuni, ni mpishi, ni mhasibu, na jioni ni mfagiaji.

Inafaa ikumbukwe kwamba hata majina makubwa ya leo yalianza katika hali isiyopishana sana na hiyo. Ndugu wawili waitwao Richard na Maurice McDonald walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940. Mwaka 1948 waliufunga kwa muda, wakawaondoa watumishi waliokuwa wakiwapelekea wateja chakula kwenye magari, wakaipunguza orodha ya vyakula mpaka ikabaki na aina tisa tu, na wakaigawa kazi ya jikoni kama inavyogawanywa kiwandani: huyu nyama, huyu mkate, huyu chipsi. Hambaga moja wakaiuza kwa senti 15. Mwaka 1954 akafika mtu aliyekuwa akiuza mashine za kuchanganyia maziwa, Ray Kroc, akavutiwa na mpango ule, na mwaka 1961 akawanunua kabisa kwa dola milioni 2.7. Tangu hapo kilichouzwa duniani hakikuwa hambaga hasa. Kiliuzwa kipimo. Nyama ya hambaga ya kawaida ya kampuni hiyo hukatwa vipande kumi kwa ratili moja, yaani kila kimoja hakifiki hata gramu 50 kikiwa kibichi, na ndivyo kilivyo kila mahali.

Msomaji asidhani kwamba McDonald's imefika Malawi. Kusini mwa Sahara jina hilo lilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 1995, na Afrika Mashariki halimo hata leo. Hambaga iliyofika Lilongwe ilikuja kwa njia ya Afrika Kusini, na kuku wa kukaanga alikuja na mzee wa Kentucky.

Habari za mzee huyo zinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Harland Sanders alizaliwa mwaka 1890, na katika miaka ya 1930 alikuwa akiwapikia wasafiri waliosimama kwenye kituo chake cha petroli katika mji wa Corbin. Kuku wa kukaangwa kwa kikaango cha kawaida huchukua muda mrefu, na msafiri hangoji. Kwa hiyo mwaka 1939 alianza kutumia sufuria inayofunga mvuke, na kuku akaiva kwa dakika chache. Biashara ikastawi mpaka ilipojengwa barabara kuu mpya ambayo haikupita mlangoni pake. Wateja wakamkimbia. Mwaka 1956 akauza mahali pake, akiwa na miaka 60 na zaidi, akapakia sufuria na viungo vyake ndani ya gari, akazunguka mji hata mji akiwapikia wenye migahawa na kuwaomba watumie namna yake ya kupika, wamlipe senti chache kwa kila kuku. Wa kwanza kukubaliana naye, Pete Harman wa jimbo la Utah, alikuwa ameanza kuuza kuku hao tangu mwaka 1952.

Jambo la kuangaliwa katika habari hiyo ni gari. Mpishi aliyepoteza wateja aliweza kuwafuata wateja walipo. Hakuna aliyemsimamisha mpakani mwa wilaya na kumwuliza cheti cha ruhusa ya kutoka.

Mkimbizi wa Dzaleka hana ruhusa hiyo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa mwaka 1951 unaohusu hali ya wakimbizi, hapo mwaka 1987, iliweka masharti yake kadhaa, miongoni mwao yakiwamo yale yahusuyo kufanya kazi ya ujira na uhuru wa kwenda mahali atakapo mtu. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1989 ikafuata. Kwa miaka mingi, hata hivyo, sheria ilikaa upande wake na maisha yakaenda upande wao: wakimbizi waliojiweza walihamia mjini, wakafungua maduka ya vyakula, vinyozi na migahawa midogo katika masoko na mitaa ya Lilongwe, wakapanga nyumba, wakaoa na kuolewa. Mwaka 2021 serikali ikawaagiza warudi kambini. Shauri likapelekwa mahakamani, na agizo likacheleweshwa. Mwezi wa Machi 2023 likatolewa tena, na mwezi wa Mei mwaka huo polisi wakaanza kulitekeleza. Maduka yakafungwa, bidhaa nyingine zikapotea, na mamia ya watu, wakiwamo watoto, wakakamatwa. Baadhi yao walishikiliwa kwanza katika gereza la Maula, kisha wakapelekwa Dzaleka.

Serikali ilitaja usalama wa nchi. Wafanyabiashara wadogo Wamalawi nao walikuwa na malalamiko yao, kwamba mgeni amewatangulia sokoni na amewapunguzia wateja. Malalamiko ya namna hiyo si ya kudharauliwa, kwani maskini anayeshindana na maskini mwenzake huumia kweli. Lakini inashangaza kidogo kwamba mlalamikaji yule yule, akipita mbele ya mgahawa wa kampuni kutoka ng'ambo, wenye mashine zake, matangazo yake na deni lake nafuu la benki, hamwoni huyo kuwa mgeni aliyemtangulia. Jina la Kentucky limepata makao halali mjini Lilongwe. Mama aliyetoka Uvira kwa miguu, anayejua kuikanda chapati mpaka ikatoka tabaka kumi, ameambiwa akae kilomita 45 mbali na wateja wake.

Basi na itazamwe biashara yake huko aliko. Tuseme mama huyo anaamka saa kumi za usiku. Kilo moja ya unga wa ngano itampa chapati kumi hadi kumi na mbili, kutegemea upana. Akikanda kilo tano amepata hamsini na zaidi. Anahitaji mafuta, chumvi, maji, mkaa au kuni, na mahali pa kuketi. Maharage anaweza kuyapata kwa wakulima wa Dowa wenyewe, ambao hufika sokoni Dzaleka kuuza mazao na kununua vitu vingine, na hilo ni jambo jema kwa pande zote mbili. Ngano ni shauri lingine. Malawi hulima ngano kidogo sana, na sehemu kubwa ya unga wake hutokana na ngano inayoagizwa kwa fedha za kigeni. Mwezi wa Novemba 2023 Benki Kuu ya nchi hiyo iliishusha thamani ya kwacha, na dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa kiasi cha kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Siku hiyo mama wa chapati, ambaye hajapata kuishika dola mkononi mwake, alipata hasara sawa na mwenye mgahawa wa kampuni. Tofauti ni kwamba mwenye kampuni hubadilisha bei kwenye picha ya ukutani, na mteja wake hununa na kulipa. Mteja wa mama hana cha kuongeza. Kwa hiyo mama haongezi bei, hupunguza chapati. Kila mwezi tonge la unga huwa dogo kwa ukucha mmoja, na mteja huona, na mama anajua kwamba mteja ameona, na hakuna anayesema neno.

Wateja wenyewe ni watu wanaongojea mgao. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likiwapa wakazi wa Dzaleka msaada wa chakula au fedha, na katika miaka ya karibuni msaada huo umepunguzwa kwa sababu michango ya wafadhili imepungua. Mgahawa wa kampuni ukikosa wateja wenye fedha, hufunga. Mgahawa wa Dzaleka ukikosa wateja wenye fedha, hufungua daftari. Hapo ndipo mazungumzo ya asubuhi huwa ya namna hii:

"Mama, unisaidie chapati mbili leo. Siku ya mgao nitakulipa."

"Na zile za juzi, mwanangu?"

"Zote pamoja, mama."

"Haya. Niandikie mwenyewe hapo, macho yangu hayaoni vizuri bila jua."

Na kijana huandika, na huandika sawasawa, maana nyuma yake wamesimama watu wanne wanaomjua. Hakuna kampuni duniani inayoweza kuuza namna hiyo. Wala isifikiriwe kuwa huo ni wema mtupu. Deni ni ugonjwa wa biashara ndogo, na migahawa mingi isiyo na jina hufa kwa daftari kabla ya kufa kwa kitu kingine. Mama mwenye busara huweka mpaka: deni la mtu mmoja lisivuke thamani ya unga wa siku moja, na mwenye deni la zamani alipe hata kidogo kabla ya kuandikiwa jipya.

Sasa, usafi. Katika jambo hili watetezi wa mgahawa mdogo wana desturi ya kuinua sauti badala ya kujibu. Kati ya mwaka 2022 na 2023 Malawi ilipatwa na kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia yake, na zaidi ya watu 1,700 walikufa. Kipindupindu hupita katika maji na chakula, na mpishi ambaye maji yake hupatikana kwa foleni ya kisima hushawishika kuyatumia maji yale yale mara tatu: kuosha mboga, kuosha sahani, na kuosha mikono. Mgahawa wa kampuni una bomba, sabuni, jokofu na mkaguzi wake mwenyewe anayekuja bila taarifa. Hiyo ni faida ya kweli, na mama wa nyumbani anayempeleka mtoto wake huko siku ya sikukuu hastahili kuitwa mwenye kujivuna.

Lakini jina lenyewe si sabuni. Mwaka 1993 huko Marekani hambaga zilizouzwa na kampuni ya Jack in the Box, ambazo hazikuivishwa sawasawa, ziliwaugesha watu zaidi ya 700, na watoto wanne wakafa. Nyama ile ilikuwa na vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe. Kipande kizima cha nyama huwa na uchafu juu yake tu, na moto ukikigusa huumaliza; nyama ikisagwa, uchafu wa juu huingia ndani, na nyama ya ng'ombe wengi huchanganywa pamoja. Na kwa kuwa kampuni hununua mahali pamoja na kugawa kwa migahawa yake yote, kosa la kiwanda kimoja lilienea majimbo kadhaa kwa wakati mmoja. Mama wa Dzaleka akikosea huwaumiza watu wa mtaa wake. Ni vibaya, ila kosa lake halina malori.

Tena yapo mafuta. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa meusi, hutoa povu na moshi mapema, na hukipa chakula uchungu. Hapa chiwaya cha barabarani hustahili lawama zaidi, kwa sababu mafuta ni ghali na mwenye nacho huona uchungu kuyamwaga. Mnunuzi ana macho. Mafuta yakiwa rangi ya kahawa, na asogee kwa jirani.

Juu ya mkulima, mfano mzuri ulitokea Kenya. KFC ilifungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011. Mwezi wa Januari 2022 migahawa yake nchini humo ikaishiwa chipsi, kwa sababu viazi vilivyokuwa vikiagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa melini. Wakenya wakachukizwa mno: nchi inayolima viazi tele Nyandarua na Meru imekosaje chipsi kwa ajili ya meli? Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake wote sharti wapasishwe kwanza kwa viwango vyake vya dunia, kisha ikakubali kuwatafuta wauzaji wa humo humo. Katika muda wote huo muuza chipsi wa River Road hakukosa hata kiazi kimoja. Malawi nayo ina viazi vya Dedza, kusini ya Lilongwe, vinavyouzwa kando ya barabara kuu kwa ndoo. Na ni chiwaya kinachovinunua vile vidogo na vile vilivyopinda, ambavyo hakuna mkaguzi wa viwango angevipasisha.

Iko siku chache katika mwaka ambapo mji huenda Dzaleka badala ya Dzaleka kuuendea mji. Tangu mwaka 2014 limekuwa likifanyika humo tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, ambaye naye alifika Malawi akiwa mkimbizi. Wanamuziki na wachezaji wa ngoma hutoka ndani ya kambi na nje ya nchi, na wageni hupanda magari kutoka Lilongwe. Wengine hulala katika nyumba za wakimbizi na kula walacho wenyeji wao. Siku hizo mishikaki huisha kabla ya jua kuzama. Watu wa mjini, wenye uwezo wa kula kuku wa kampuni kila Ijumaa, husimama mstari mbele ya meza ya mbao wakingojea sambusa, na hawalalamiki. Wakishakula huuliza swali moja: wapi mjini wanaweza kukipata chakula hiki? Kabla ya Mei 2023 swali hilo lilikuwa na majibu mengi, pamoja na mtaa na mlango. Siku hizi mpishi hufuta mikono kwenye kitenge chake akasema, "Hapa, papa. Utarudi hapa." Mgeni hucheka akidhani amefanyiwa mzaha wa biashara, na hupanda gari.

Kwa wasomaji ambao watoto wao wamekwisha kuliona tangazo la hambaga na hawatulii, hii hapa njia ya kuitengeneza nyumbani kwa chapati badala ya mkate, inayotosha watu wanane. Inunuliwe kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, isagwe siku hiyo hiyo mbele ya mnunuzi. Ichanganywe na vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo sana, punje tatu za kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kidogo cha chumvi, pilipili manga, na konzi moja ya mkate mkavu uliofikichwa ili kuishikamanisha. Isikandwe sana, maana nyama iliyokandwa sana huwa ngumu kama mpira. Igawanywe madonge manane, yabanwe yawe bapa yenye unene wa kidole, na katikati pabonyezwe kidogo ili yasivimbe. Kikaango kipate moto kwanza, kisha mafuta kidogo. Kila upande upate dakika tano au zaidi kwa moto wa wastani, na kimoja kikatwe kutazamwa ndani: kikiwa na wekundu, vyote virudi jikoni.

Chapati ziwe ndogo na za moto. Juu ya kila moja iwekwe nyama, kachumbari ya kabichi, nyanya na limao, na pilipili kwa wanaoiweza, halafu ikunjwe. Asiye na fedha za nyama atumie maharage yaliyochemshwa, yakapondwa na kukaangwa na kitunguu mpaka yakauke, watoto hawatauliza. Zikibaki, na nyumbani hamna jokofu, zisilazwe mpaka kesho, bali jirani apelekewe jioni ile ile.